Mafuta Yaliyopanda Milima: Historia ya Bomba la TAZAMA kwa Wasomaji wa Mpuguso

Mpuguso ni nchi ya maji yanayoshuka. Tukuyu, mji wake wa jirani, ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na vijiji vingi vya Rungwe hunywa maji ya mserereko. Kidakio hujengwa juu kwenye chanzo, bomba hulazwa kando ya migomba na mashamba ya chai, na maji hujileta yenyewe hadi kwenye kituo cha kuchotea. Mtoto anayetumwa maji huku anajua bila kufundishwa kwamba koki ya bondeni hutoa maji kwa nguvu, na ile iliyo karibu na chanzo hutiririsha polepole. Hiyo ni nusu ya uhandisi wa mabomba. Nusu ya pili huanza pale kitu kinapotakiwa kupanda, na mfano wake, bomba la mafuta la TAZAMA, uko Mbeya, kilomita 70 hivi kutoka Tukuyu, umefukiwa ardhini tangu 1968.

Chanzo cha bomba hilo ni siasa, kabla ya kuwa chuma. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith, huko Rhodesia ya Kusini (Zimbabwe ya leo), ilijitangazia uhuru bila ridhaa ya Uingereza na bila kuwauliza Waafrika waliokuwa wengi. Zambia, jirani yake wa kaskazini, ilikuwa imetimiza mwaka mmoja tu wa uhuru. Haina bahari. Treni zake zilipita Rhodesia, makaa yake ya mawe yalitoka Wankie, Rhodesia, na mafuta yake yalipandishwa kutoka bandari ya Beira, Msumbiji, yakipitia Rhodesia hiyohiyo. Mwanzoni mwa mwaka ule bomba la mafuta kutoka Beira lilikuwa limeanza kulisha kiwanda kipya cha kusafisha mafuta cha Feruka, karibu na Umtali, mji unaoitwa sasa Mutare. Uingereza ilipotangaza vikwazo vya mafuta dhidi ya Smith katikati ya Desemba, Smith alilipiza kwa kuikatia Zambia mafuta.

Mtu wa Rungwe hakuhitaji ramani kuelewa uzito wa jambo hilo. Tangu enzi za Waingereza, wanaume wa Kinyakyusa walikuwa wakitoka kwenda kutafuta mshahara, wengine kwenye dhahabu ya Lupa, wengine kwenye migodi ya Afrika Kusini, na wengi wakivuka Tunduma kwenda Ukanda wa Shaba. Majina ya Kitwe, Mufulira na Ndola yalikuwa yakitajwa nyumbani kabla Zambia haijaitwa Zambia. Shaba iliyokuwa inatunza serikali ya Kaunda, rais wa Zambia, ilichimbwa kwa mikono ya watu, baadhi yao wa huku. Bila mafuta, migodi ile ingesimama.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kuhangaika. Ndege za Uingereza na Kanada zilibeba mafuta kwenye mapipa na kuyashusha Zambia, kazi ya gharama kubwa, kwa sababu ndege inayopeleka mafuta nayo inahitaji mafuta ya kurudia. Mengine yalikwenda kwa malori kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya, kwenye barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Ikapewa jina la njia ya jehanamu. Malori yalipinduka, yaliungua, yalizama kwenye tope, na madereva walikufa. Mwaka 1966 nchi mbili zilianzisha kampuni ya malori, Zambia-Tanzania Road Services, zikiwa na mbia wa Kiitalia, ili mizigo isogee kwa mpango. Hata hivyo ilikuwa wazi kwamba nchi haiwezi kuishi kwa mapipa.

Nyerere na Kaunda waliamua kujenga bomba. Ninaona uamuzi huo ni miongoni mwa mambo makubwa yaliyofanywa na serikali changa za Afrika Mashariki na Kati, na sielewi kwa nini vitabu vyetu vya shule huipa reli ya TAZARA kurasa nyingi na bomba mstari mmoja. Bomba lilitangulia. Wachina walianza kujenga reli 1970 na kuimaliza 1975. Mafuta yalikuwa yamekwishafika Ndola 1968. Kazi ya ujenzi ilipewa Waitalia wa Snam Progetti, kampuni ya kundi la ENI, kundi hilohilo lililojenga na Tanzania kiwanda cha TIPER pale Kigamboni, Dar es Salaam, kilichoanza kusafisha mafuta 1966. Ndani ya takribani miaka miwili walilaza kilomita 1,710 za bomba kutoka Kigamboni hadi Ndola. Kampuni inayolimiliki, TAZAMA Pipelines, iligawanywa hivi: Zambia theluthi mbili, Tanzania theluthi moja. Ndivyo ilivyo mpaka leo.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Kigamboni iko usawa wa bahari. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu. Kila mita 10 za maji yaliyosimama wima hukandamiza chini kwa presha ya baa moja hivi. Mafuta ni mepesi kidogo kuliko maji, kwa hiyo tuseme asilimia 85 ya hiyo. Piga hesabu: ili kulishikilia tu tone la mafuta pale Mbeya lisirudi baharini, chini Kigamboni unahitaji presha inayozidi baa 140. Bado hujalisogeza. Mafuta yanaposogea husuguana na kuta za bomba, na kwenye bomba jembamba la mamia ya kilomita msuguano hula presha kuliko mlima wenyewe. Ukitaka pampu moja ya Kigamboni ifanye yote, utahitaji chuma kinene mno, kizito, ghali, na siku kikipasuka kitakuwa bomu.

Ndiyo maana mhandisi huigawa safari. Upande wa Tanzania vipo vituo vya pampu Kigamboni, Morogoro, Elphons Pass, Iringa na Mbeya. Upande wa Zambia vipo Chinsali na Kalonje. Kila kituo hupokea mafuta yaliyochoka na kuyasukuma upya. Umbali kati ya vituo haulingani, na hapo ndipo mwanafunzi anapoona kwamba uhandisi huu ni jiografia pia: vituo hufuata milima. Ukuta wa nyanda za juu unaoanza maeneo ya Kitonga, ambao kila dereva wa barabara hiyo anaujua kwa hofu, huamua mengi kuliko ramani ya ofisini.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii. Ndola iko mita 1,300 hivi juu ya bahari, chini kuliko Mbeya. Baada ya kuvuka nyanda za juu mafuta hupata mserereko, na mserereko nao ni tatizo. Mafuta yakishuka kwa kasi kuliko yanavyosukumwa, bomba huacha nafasi tupu kileleni, na ukifunga valvu ghafla chini, uzito wote wa safu ile hugonga chuma kwa kishindo. Aliyewahi kusikia bomba la nyumbani likigonga ukutani baada ya kufunga koki haraka amesikia jambo hilohilo. Kwa bomba la kilomita elfu, kishindo hicho huhesabiwa kabla ya kuchimba hata mita moja, na valvu hufungwa kwa utaratibu ulioandikwa.

Mtu wa kwanza kwenye mradi wa bomba ni mpima ardhi. Hupita porini akitafuta njia yenye mteremko unaovumilika, mwamba usio mgumu mno, vivuko vya mito visivyohama. Nyuma yake hufyekwa mkuza, ukanda wa ardhi ambao bomba litalala chini yake na ambao hautajengwa nyumba wala kupandwa miti. Mabomba huletwa vipande vipande. Kama kila kipande kina mita 12, kilomita 1,710 zinadai maungio zaidi ya 140,000, na kila ungio lilichomelewa na fundi aliyepiga magoti au kulala ubavu kwenye vumbi. Ungio moja bovu linatosha kusimamisha nchi. Kwa hiyo baada ya mchomeleaji huja mkaguzi, ambaye hupiga picha za eksirei kwenye maungio kutafuta mwanya au povu lililojificha ndani ya chuma, na palipo na kasoro hukatwa na kuchomelewa upya. Bomba huvishwa utando wa kuzuia kutu, hushushwa mtaroni, hufukiwa. Mwisho hujazwa maji na kukandamizwa kwa presha kubwa kuliko ile litakayoibeba maishani, likaachwa hivyo kwa saa nyingi. Likivumilia, ndipo mafuta huingia.

Hesabu nyingine inayonivutia ni ya kulijaza. Bomba la inchi 8 lenye urefu huo humeza zaidi ya lita milioni 50 kabla ya kutoa tone la kwanza upande wa pili. Yote hayo ni mafuta uliyoyanunua, yanakaa ardhini na huwezi kuyauza, kwa sababu bomba hufanya kazi likiwa limejaa. Na mafuta hayaendi mbio. Bomba la namna hiyo huyasogeza kwa kilomita tatu au nne kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, ila hayalali. Safari ya Kigamboni hadi Ndola huchukua takribani wiki tatu.

Miaka ya mwanzo TAZAMA ilisukuma mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Dizeli ilifuatwa na petroli au mafuta ya taa ndani ya bomba lilelile, moja nyuma ya jingine, bila ukuta kati yao. Yanapokutana huchanganyika kwa kipande fulani tu, na kazi ya mtu aliyeko kituo cha mwisho ni kutambua kipande hicho kinapofika, akigeuze kwenda tangi lake la peke yake, kisha afungue tangi sahihi kwa mafuta safi yanayofuata. Akikosea, petroli ya nchi nzima inaharibika. Bomba la Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi 1978 chini ya Kenya Pipeline Company, limeishi kwa utaratibu huohuo. Zambia ilipofungua kiwanda cha Indeni pale Ndola mwaka 1973, TAZAMA iligeuzwa ibebe mafuta ghafi ya kwenda kusafishwa huko. Sehemu kadhaa ziliwekwa bomba la inchi 12, na uwezo wake uliopangwa ukafika tani milioni 1.1 kwa mwaka.

Nimesema mengi juu ya ujenzi, lakini ujenzi ulichukua miaka miwili na utunzaji unapita nusu karne. Hapo ndipo ajira nyingi zilipo, na ndipo sifa hutolewa kidogo. Chuma kilichofukiwa kinataka kurudi kuwa udongo. Utando ukichubuka, unyevu huanzisha kutu, na kutu hiyo ni mkondo mdogo wa umeme unaotoka kwenye chuma kuingia ardhini. Dawa yake ni kurudisha mkondo: fundi huunganisha bomba na mtambo wa umeme mdogo, au na vipande vya metali nyepesi kama magnesi, ili kutu ivile vipande hivyo na kuliacha bomba. Mafundi huiita kinga ya katodi. Fundi wake hutembea na mita mkononi, nguzo hadi nguzo kando ya mkuza, akipima volti, mwaka baada ya mwaka. Kijana aliyeielewa kemia ya kidato cha tatu anaweza kuielewa kazi hiyo vizuri.

Ndani ya bomba nako kuna kazi. Nta na uchafu huganda ukutani na kulipunguza tundu. Husafishwa kwa kifaa kinachoitwa pigi, silinda yenye brashi na mipira inayokaza ndani ya bomba, ambayo mafuta yenyewe huisukuma kutoka kituo hadi kituo. Zipo pigi zenye vipimo vya sumaku zinazosafiri zikiandika unene wa chuma kila hatua, ili fundi wa ofisini ajue ni mita ipi inayotaka kuchimbuliwa. Na juu ya ardhi kuna mlinzi wa mkuza, kwa miguu au pikipiki, anayetazama nyasi zilizokauka mahali pasipostahili, udongo uliofukuliwa, kibanda kilichochipuka usiku. Wizi wa kutoboa bomba umewahi kugunduliwa Kigamboni kwenyewe. Anayetoboa bomba la mafuta anacheza na moto wa kijiji kizima.

Bomba kugombana na watu ni habari ya zamani kuliko TAZAMA. Mwaka 1865, huko Pennsylvania, Marekani, Samuel Van Syckel alilaza bomba la chuma la kilomita 8 hivi kutoka visima vya Pithole hadi kituo cha reli. Wenye mikokoteni ya farasi waliokuwa wakibeba mapipa waliona riziki inaondoka, wakalivunja, ikabidi walinzi wenye silaha wawekwe. Kwetu, bomba la gesi la inchi 36 kutoka Madimba, Mtwara, kwenda Dar es Salaam lilizusha ghasia Januari na Mei 2013. Watu waliuliza kwa nini gesi iondoke na wao wabaki na nini. Watu walikufa, majengo yalichomwa. Bomba lilikamilika 2015, lakini tangu hapo hakuna mradi mkubwa wa bomba nchini unaoweza kuanza bila maofisa wa uhusiano wa jamii, wathamini wa ardhi na mazao, na wanasheria wa fidia. Hao nao ni watu wa mabomba. Ninalisisitiza hili kwa sababu mzazi akisikia uhandisi hudhani mwanawe asiyependa hesabu hana mahali.

Mradi mkubwa wa kizazi hiki ni bomba la mafuta la EACOP, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, ambapo kilomita 1,147 ziko Tanzania. Jiwe la msingi liliwekwa Chongoleani Agosti 2017 na marais Museveni na Magufuli. Mafuta ya Hoima yana nta nyingi kiasi kwamba kwenye joto la kawaida huganda, kwa hiyo bomba la inchi 24 limepangwa kuvishwa kizuia joto na nyaya za umeme ili mafuta yabaki juu ya nyuzi 50. Kiwanda cha kuyavisha mabomba hayo kilijengwa Sojo, wilayani Nzega, mkoani Tabora. Tofauti na 1968, sheria zinadai sehemu ya kazi na mafunzo iende kwa wenyeji. Mwaka 1968 vijana wetu walichimba mtaro. Sasa wapo wanaosimamia uchomeleaji, ukaguzi na vyumba vya udhibiti.

Njia za kufika huko ziko karibu na Rungwe kuliko watu wanavyofikiri. Mchomeleaji huanzia VETA, na mchomeleaji wa bomba lenye presha hulazimika kufaulu mtihani wa vitendo kwa kila aina ya ungio kabla ya kugusa kwa mkono wake bomba lolote la mradi. Cheti cha jumla hakitoshi. Fundi sanifu wa mitambo au umeme ana DIT, Dar es Salaam, na ana Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, hapohapo mkoani. Anayetaka maji ana Chuo cha Maji, Ubungo, kisha RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza 2019. Uhandisi wa mafuta na gesi hufundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Dodoma. Shahada peke yake haimfanyi mtu mhandisi kamili: Bodi ya Usajili wa Wahandisi humwandikisha kwanza kama mhandisi mhitimu, akafanya kazi chini ya uangalizi kwa miaka mitatu hivi, ndipo aombe kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Na mzizi wa yote ni fizikia na hesabu za kidato cha kwanza hadi cha nne, jambo linalofanya Chuo cha Ualimu Mpuguso kiwe na mkono kwenye mabomba ya nchi hii, hata kama hakuna anayelitaja.

Wilaya ya Rungwe yenyewe nayo imeanza kuwa nchi ya mabomba ya aina nyingine. Kwenye miteremko ya mlima Kiejo, kampuni ya TOL Gases huvuna hewa ukaa inayopanda kutoka kwenye mwamba wa volkano, gesi inayokwenda kwenye soda na bia. Jotoardhi linatafutwa Ngozi na Kiejo-Mbaka, na kisima cha jotoardhi bila mabomba yanayovumilia mvuke na chumvi ni shimo tu. Gesi, mvuke, maji, dizeli: kila kimoja kina presha yake na kutu yake, lakini fundi aliyejifunza kimoja hajifunzi kingine kuanzia sifuri.

TAZAMA haijastaafu. Zambia iliachana na usafishaji wa mafuta ghafi pale Indeni, na mwaka 2023 bomba liligeuzwa tena, sasa libebe dizeli yenye salfa kidogo moja kwa moja hadi Ndola, karibu na kazi lililoianza 1968. Kugeuza bomba lililobeba mafuta ghafi kwa karibu miaka 50 libebe dizeli safi kunadai kung'oa mabaki yaliyoganda ukutani, kusafisha matangi, kupima ubora mafuta yanapoingia na yanapotoka, na kuangalia upya kila mahali chuma kilipokonda. Kazi hiyo ilifanywa na wachomeleaji, wakemia wa maabara, mafundi umeme na waendesha pampu wa Tanzania na Zambia, wengi wao wakiwa hawajazaliwa siku mafuta yalipofika Ndola kwa mara ya kwanza.